Mlango Alioufunga Ishmael

Mimbari ya Seamen's Bethel, lile kanisa dogo la mabaharia juu ya Johnny Cake Hill, mjini New Bedford, Massachusetts, ina umbo la omo ya meli. Watu wanapiga nayo picha kutwa. Mimbari hiyo ni ya mwaka 1961. Kanisa lenyewe lilifunguliwa 1832, na Herman Melville alifika humo mwishoni mwa 1840, kijana wa miaka 21 anayesubiri meli ing'oe nanga. Hakukuta mimbari ya namna hiyo. Aliibuni mwenyewe, akaiweka ndani ya Moby-Dick, riwaya iliyotoka 1851, na juu yake akampandisha Father Mapple, mhubiri anayepanda kwa ngazi ya kamba kisha anaivuta ngazi asifuatwe na mtu. Mwaka 1956 John Huston akatoa filamu, Orson Welles akahubiri kutoka kwenye omo, na kuanzia hapo wageni wakawa wanaingia kanisani wakiuliza: mbona hatuioni? Mwishowe wakatengenezewa.

Ukitaka utamu zaidi, bandari unayoiona kwenye filamu ile siyo New Bedford hata kidogo. Ilipigwa Youghal, Ireland.

Kuna wanaosimulia kisa hiki kama mzaha juu ya watalii. Mimi sioni utapeli hapo. Wenyeji hawafichi kitu, wanakutajia mwaka kabla hujauliza, na kusema kweli kuna jambo la kupendeza katika mji unaowasikiliza wasomaji kiasi cha kuita fundi seremala. Kinachonisumbua ni kingine, na ndiyo sababu ya makala hii: mji ukiamua kujenga ukurasa mmoja wa kitabu, ukurasa upi umeachwa haujajengwa? Kwa sababu katika Moby-Dick, kabla Ishmael hajafika kwa Father Mapple, anafungua mlango wa kanisa jingine. Anachungulia, anapiga utani, anaufunga, anaondoka zake. Wasomaji wengi tumeondoka naye.

Kwanza mji wenyewe. Tulikwenda kwa gari kutoka Boston, mwendo wa saa moja na ushee, mimi na shemeji yangu, mume wa dada, aliyeishi huko miaka mingi na ambaye hajawahi kumaliza riwaya ya zaidi ya kurasa mia mbili wala hana mpango huo. "Shem," akaniambia njiani, "yaani umepanda ndege mbili kuja kuangalia mifupa ya samaki?" Nikamwambia nyangumi si samaki. Lakini haki yake apewe: katika sura ya 32 Ishmael anaukataa ushahidi wote wa wanasayansi na kushikilia kwamba nyangumi ni samaki, basi. Kwa suala hilo shemeji na Ishmael ni chama kimoja.

New Bedford ilijiita mji ulioangaza dunia, na safari hii majigambo yana msingi. Kabla ya mafuta ya taa, nyumba za wenye uwezo Ulaya na Marekani ziliwaka kwa nyangumi. Yule mwenye kichwa kikubwa kama sanduku, ambaye ndiye Moby Dick mwenyewe, kichwani amebeba mafuta yanayoganda kama nta; mishumaa yake ilikuwa safi kuliko yote, na mafuta yake mengine yalilainisha mashine za viwandani. Mwaka 1857 mji huu peke yake ulikuwa na meli 329 za kuwinda nyangumi. Miaka miwili baadaye mafuta yakachimbwa ardhini Pennsylvania, na hesabu ikaanza kugeuka. Pesa ya nyangumi ikahamia kwenye viwanda vya pamba. Leo boti zilizojaa gatini ni za skalopu, wale ndugu wa chaza, na mji bado ni miongoni mwa bandari za uvuvi zenye pato kubwa kabisa Marekani. Harufu ya samaki inakupokea kabla ya kibao chochote.

Rudi kanisani. Ukimaliza kuangalia mimbari, geuka uangalie kuta. Ukutani kuna mabamba ya marumaru, kila moja limewekwa kwa ajili ya watu ambao miili yao haikurudi. Jina, umri, jina la meli, bahari aliyopotelea, na namna. Huyu alianguka kutoka mlingotini. Yule alivutwa na kamba ya chusa akazama. Mwingine homa. Hakuna kivumishi cha ziada, hakuna sifa za marehemu kama zile tulizozoea kuzisikia misibani. Melville aliyaona mabamba ya aina hii na akatunga ya kwake ndani ya riwaya, na nadhani ni kurasa bora kuliko hotuba nzima ya Mapple, kwa sababu anawaandika pia waliokaa chini ya mabamba hayo: wajane wanaosoma jina lilelile kila Jumapili wakiwa hawana kaburi la kufagia. Sisi wa pwani tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Maiti ya baharini isiyoonekana inaacha msiba usio na mwisho, maana hata matanga hujui uyaanue lini.

Mabamba yameendelea kuongezwa. Wapo ukutani wavuvi wa karne ya 20 waliozama na boti za injini. Mimbari ni ya filamu, lakini ukuta unaendelea kuandikwa na bahari.

Sasa ule mlango.

Ni sura ya pili. Ishmael amefika New Bedford usiku, Desemba, baridi kali, mfukoni vijisenti. Anatafuta pa kulala. Anaona mwanga na mlango uko wazi, anaingia, anajikwaa kwenye sanduku la majivu, anasukuma mlango wa ndani, na mbele yake kuna safu za nyuso nyeusi zinageuka kumtazama, na mhubiri mweusi juu ya mimbari akihubiri juu ya giza na kilio na kusaga meno. Ishmael anawafananisha na baraza la kuzimu. Anajiambia amekosea nyumba, hapa hakuna burudani, anarudi kinyumenyume hadi barabarani. Aya moja tu. Halafu anaipata nyumba ya wageni, anagawana kitanda na Queequeg, na kutoka hapo riwaya inakuwa kubwa na ya ajabu, mpaka aya ile inasahaulika.

Melville hakulipa kanisa lile jina. Lakini hebu tuweke tarehe mezani. Melville alipanda meli ya Acushnet mwanzoni mwa Januari 1841. Msimu huohuo, katika mji huohuo, palikuwa na kanisa dogo la Wamethodisti weusi wa Zion, na mmoja wa waliokuwa wakisimama kuhubiri humo alikuwa kijana aliyetoroka utumwa Maryland mwaka 1838. Aliitwa Frederick Douglass.

Mimi nilipoziunganisha tarehe hizo kwa mara ya kwanza nilikaa chini. Waandishi wawili wakubwa kabisa wa karne ya 19 ya Marekani, umri wao karibu sawa, walikanyaga magati yaleyale katika majira yaleyale ya baridi, mmoja akitafuta meli ya kumpeleka mbali na nchi yake, mwingine akiwa ndiyo kwanza amefika mahali panapoweza kumwita mtu. Na mwandishi wa kwanza, alipoiandika New Bedford miaka kumi baadaye, alimfungulia msimulizi wake mlango wa kanisa la watu weusi, kisha akamwambia afunge.

Wapo watakaosema utani ni wa Ishmael, Melville yuko nyuma yake akimcheka. Nakubali nusu. Riwaya nzima inamfundisha Ishmael kwamba nyuso anazoziogopa ndizo zitakazomwokoa; jeneza la Queequeg ndilo linalomwelea mwishoni. Ila Queequeg katoka kisiwa cha kubuni ambacho hakiko kwenye ramani yoyote. Waumini wa kanisa lile walikuwa na anwani. Ni rahisi kumpenda mtu uliyemtunga.

Ndiyo maana nasema Douglass asomwe kwanza. Katika simulizi ya maisha yake ya 1845 anaielezea New Bedford kwa macho ambayo Ishmael hana. Kule Kusini alifundishwa kuamini kwamba bila watumwa hakuna utajiri, hivyo alitarajia kuwakuta watu wa Kaskazini fukara, wenye mikono migumu. Akashuka hadi magatini: meli nzuri, maghala ya mawe, watu wanafanya kazi kimyakimya, hakuna anayetandikwa. Kwa mara ya kwanza anaona kazi bila mjeledi. Ukurasa ule mtu anaweza kuusoma kama sifa kwa mji, na vipeperushi vya utalii vingeweza kuukata hapo.

Haukatiki hapo. Douglass alikuwa na ufundi: kalafati. Wasomaji wa Dar mnaweza kuwa mmelisahau neno hili, ila muulize fundi jahazi yeyote wa Tanga, Pemba au Lamu: kukalafati ni kuziba nafasi kati ya mbao za chombo kwa pamba na mafuta ili maji yasiingie. Kazi hiyo aliifanya Baltimore akiwa mtumwa. New Bedford, mji wa meli mia kadhaa, ulihitaji makalafati kama mkate. Akaenda kwenye chombo kuomba kazi, na makalafati weupe wakasema akigusa mbao wao wanashuka wote. Basi akafanya vibarua kwa nusu ya ujira: kupasua kuni, kuchimba, kusafisha mabomba ya moshi, kubiringisha mapipa ya mafuta. Mapipa yaleyale ambayo Moby-Dick inayaimbia kurasa na kurasa. Mtu huru kumbe anaweza kunyimwa ufundi ambao mtumwa aliruhusiwa kuufanya. Sentensi za Douglass juu ya jambo hili ni kavu kama yale mabamba ya ukutani, na nadhani kwa sababu ileile.

Kuna jambo jingine ambalo mpenda vitabu hawezi kuliruka. Jina lake. Alifika akiitwa Johnson, lakini New Bedford ilijaa akina Johnson, pamoja na mwenyeji aliyempokea, Nathan Johnson, mtu mweusi mwenye mali na maktaba. Nathan alikuwa ndiyo kwanza anasoma The Lady of the Lake, utenzi wa Walter Scott, akapendekeza jina la mhusika mmoja: Douglas. Mgeni akalichukua, akaongeza herufi moja mwishoni.

Kwa hiyo New Bedford imetoa kitu kitabuni na kukifanya kiwe kweli mara mbili. Mara moja mimbari, mara moja mtu. Jina la Douglass lilitoka kwenye utenzi wa Mskoti juu ya watu wa milimani wasiohusiana naye kwa lolote, na ndani ya miaka saba ya kulivaa likawa zito kuliko utenzi wenyewe. Leo ni wangapi tunaomsoma Scott? Mimbari nayo ina zaidi ya miaka sitini na bado ni pambo la filamu. Jina lilifanyiwa kazi. Mimbari inapigwa picha.

Nyumba ya Nathan na Mary Johnson bado ipo, Seventh Street, na jirani yake kuna bustani ndogo yenye sanamu ya Douglass kijana. Siyo kwamba mji umemficha. Kutoka Johnny Cake Hill ni mwendo mfupi tu kwa miguu, tena njiani, mbele ya maktaba ya mji, utampita Lewis Temple, mhunzi mweusi ambaye mwaka 1848 aliunda chusa chenye ncha inayogeuka ndani ya nyama ya nyangumi ili kisichomoke. Chusa chake kikawa chombo cha kila meli. Hakuchukua hataza, wengine wakakifua na kukiuza, naye akafa 1854 bila kufaidi. Siku ile tulivuka umbali huo shemeji na mimi peke yetu. Foleni ilikuwa kule kwenye omo.

Makumbusho ya nyangumi, yaliyo mkabala na kanisa, sitayaeleza sana kwa sababu picha zimejaa kila mahali. Kuna mfano wa meli Lagoda uliojengwa kwa nusu ya ukubwa halisi ndani ya jengo, unapanda juu yake kama mtoto. Kuna mifupa ya nyangumi bluu mchanga iliyotundikwa darini, na miaka yote hii mifupa bado inatoa mafuta, tone kwa tone, yanakingwa chini. Shemeji alisimama pale muda mrefu kuliko mahali popote. Mimi nilivutwa na madaftari ya safari. Mwandishi wa daftari alikuwa na mhuri wa mbao wenye umbo la nyangumi. Akiuawa mmoja, anagonga mhuri pembeni mwa ukurasa na ndani ya mwili wa picha anaandika idadi ya mapipa ya mafuta. Akiponyoka, anagonga mkia tu. Unaweza kusoma miaka mitatu ya bahari bila kusoma neno: mikia, mikia, mikia, mwili, mkia. Melville alihitaji sura 135.

Na kuna mtu wa tatu, ambaye anatuhusu sisi zaidi. Mwaka 1842, mwaka mmoja baada ya Melville, kijana John Ross Browne alipanda meli ya nyangumi kutoka Fairhaven, ng'ambo tu ya mto kutoka New Bedford. Safari ikamfikisha Zanzibar, ya wakati wa Seyyid Said, yenye karafuu, pembe na soko la watu, na yenye wafanyabiashara wa Massachusetts waliokwisha kuweka duka na balozi wao. Shuka zao za pamba ndizo tulizoziita merikani. Browne alikuwa amechoshwa na nahodha wake, akaachana na meli pale kisiwani. Mwaka 1846 akachapisha Etchings of a Whaling Cruise, kitabu chenye maelezo ya kukaa kwake Zanzibar ndani ya jina lake kamili. Melville alikihakiki mwaka uliofuata, kabla hajaanza kuandika Moby-Dick.

Browne ni mwandishi wa daraja la chini kuliko wale wawili, tusidanganyane. Lakini ana hasira ya kweli. Anaandika juu ya njaa, viboko, na fungu la baharia linaloliwa na madeni ya nguo na tumbaku mpaka anashuka chomboni hana kitu. Melville anaifanya hesabu hiyo kuwa kichekesho: wenye meli wanataka kumpa Ishmael fungu moja kati ya 777, wanamalizana kwa moja kati ya 300. Browne hacheki. Tatizo lake ni pale anapolinganisha maisha ya baharia na ya mtumwa. Alipoondoka pale Fairhaven, Douglass alikuwa ndiyo kwanza ameyaacha magati ya jirani. Na mwisho wa safari alishuka kwenye kisiwa ambako utumwa haukuwa tashbihi. Jicho lake kwa watu wa Zanzibar ni jicho la Mmarekani mweupe wa wakati wake: linaona haraka na linahukumu haraka. Hata hivyo ningependa asomwe huku kwetu, maana Pequod ya Ahab inavuka Bahari ya Hindi yote kuelekea Java bila kugusa pwani yetu, na ukisoma Melville peke yake unaweza kudhani meli zile hazikuwahi kuja. Zilikuja. Zilichukua maji, kuni na vyakula, na mabaharia wake walitembea Forodhani.

Kila Januari, makumbusho yale huandaa usomaji wa Moby-Dick mfululizo, kama saa 25 hivi, wasomaji wakipokezana usiku kucha. Wakifika kwenye sura za kanisa wanahamia Bethel, kwenye mimbari yetu ile ya 1961. Sina ugomvi na hilo, nasikia ni raha. Ningependa tu ile aya ya sura ya pili isomwe mahali fulani kwenye uelekeo wa Seventh Street, na anayesoma apumzike kidogo baada ya mlango kufungwa.

Mimi nikipewa zamu, ningeiomba sura ya 92, inayohusu ambari, tena ningeisoma kwa Kiswahili. Nimekuwa nikiijaribu kuitafsiri tangu nirudi, na kinachonishangaza ni jinsi lugha isivyonigomea. Omo, tezi, mlingoti, foromali, chusa, kalafati: vyote vipo, vimelala kwenye kamusi na vinywani mwa wazee wa majahazi. Na ambari tulikuwa nayo kabla New Bedford haijapata jina. Al-Masudi aliandika juu ya ambari ya pwani ya Zanji katika karne ya 10. Melville anachekeshwa na wazo kwamba mabibi na mabwana wanajipaka manukato yanayotoka kwenye utumbo wa nyangumi mgonjwa. Neno lake la utumbo nimelitafsiri mara nne. Bibi yangu aliichanganya ambari na udi kwenye chetezo siku za harusi, na nikimsomea aya hiyo kama ilivyo, najua ataniuliza ni nani huyo mzungu anayetukana nguo zake za sanduku.